Duka limeuzwa kwa shemeji, na deni letu je?

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali, mara hii na mama mmoja muuza mapazia wa Kongowea. Mteja wake amechukua mali kauli, yaani mali kwa mkopo wa neno tu, ya pesa nyingi, kisha mama akasikia kwa watu kwamba duka la yule mteja limeuzwa, lote, pamoja na mali iliyomo. Afanyeje? Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu hata akaniambia, "Mwanangu, hebu andika, mjukuu wangu atanisomea." Haya, naandika.

Jibu langu ni hili: mwacheni kwanza aliyewakopa. Mfuateni aliyenunua.

Wengi hufanya kinyume. Mtu akisikia mdeni wake ameuza duka, hukimbilia nyumbani kwake, akamkuta mke mlangoni, akaambiwa bwana kasafiri. Akirudi, bwana anaumwa. Akirudi tena, bwana yuko msibani. Miezi inapita kwa kumfukuza mtu ambaye mfukoni hana kitu, na huku mali yako inauzwa reja reja na yule mwingine, pea moja moja, mpaka rafu zikawa tupu.

Mimi nauza leso, madera na mitandio kwa jumla, kichochoroni nyuma ya Biashara Street, ghorofa ya kwanza, ngazi za mbao ambazo kina mama wa makamo hunilaani kila wakizipanda. Wateja wangu ni wenye maduka ya Majengo, Kisauni, Likoni, wengine mpaka Malindi na Lamu. Wanaolipa papo hapo ni wachache. Biashara ya nguo huku pwani inakwenda kwa mali kauli: unampa mtu korija kumi za leso (korija ni ishirini) mwezi wa Rajabu au Shaabani, anauza Ramadhani, Idd ikipita anakuletea pesa na halua. Mkataba hakuna. Kuna daftari, kuna jina la babake mtu, na unajua kwao ni wapi.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Huyu jamaa aliyetukopa, ambaye sitamtaja, katika daftari langu alikuwa wa kutegemewa. Duka lake upande wa Majengo lilikuwa na milango miwili, na kumi la mwisho la Ramadhani hupiti kwa msongamano wa wanawake. Deni langu kwake lilifika shilingi 640,000. Ami mmoja wa vitambaa (namwita ami kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu babangu) alikuwa akimdai zaidi ya 900,000. Kijana wa viatu na mikoba alimdai 280,000. Idd ikapita. Mfungo mosi ukaisha, mfungo pili ukaingia, simu hazishikwi. Tukamtafuta wakili, akamwandikia barua ya kudai. Jibu lilikuja na adabu tele: deni analitambua, Mungu akijaalia atalipa, lakini duka si lake tena, ameliuza tangu mwezi uliopita.

Mnunuzi ni nani? Kaka wa mkewe.

Hapo wengi husema basi, kumuuzia shemeji ni wizi mtupu. Mimi sikubaliani na hilo. Biashara ngapi hapa Mombasa zimetoka mkono wa ndugu zikaingia mkono wa ndugu, kwa haki? Mtu amezeeka, mtu anahamia Uarabuni, atamuuzia nani kama si jamaa yake? Namkumbuka mzee mmoja wa Bondeni, mambo yalipomwendea mrama, aliita wote anaodaiwa nao nyumbani kwake baada ya Alasiri, akatandika mkeka, akaweka daftari katikati. Mali akaiuza mbele yetu, kwa ndugu yake pia baadhi yake, na kila mmoja akapata fungu lake kwa kadiri ya deni. Hatukupata zote. Lakini hakuna aliyemshtaki, na mpaka leo mwanawe akija dukani kwangu anapewa mali.

Kwa hivyo undugu peke yake haunitoshi. Nilitaka kujua nani anakaa kaunta.

Nikamtuma mpwa wangu, maana mimi ningejulikana kabla sijavuka barabara. Nilimwambia anunue dera moja, adai risiti, na atazame. Aliporudi alikuwa na habari za kunitosha. Ubao wa juu umepakwa rangi, jina jipya, la nasaba nyingine kabisa. Ndani, aliyekaa kwenye kiti kile kile cha plastiki, kikombe cha kahawa tungu mkononi, ni jamaa mwenyewe. Leseni ya kaunti iliyobandikwa ukutani ina jina la zamani. Risiti ya mashine nayo ina jina la zamani na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, ya zamani, na tarehe ni ya siku ile ile. Shemeji hakuonekana.

Na rafu ya tatu kutoka chini, mpwa wangu alipiga picha ya robota la leso halijafunguliwa. Kwenye karatasi ya kaki pembeni kuna herufi tatu za kalamu ya buluu, mwandiko wangu mimi. Wauzaji wa jumla tunaandika bei ya ununuzi kwa siri: unachagua neno lenye herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ni tarakimu, na neno lenyewe hulijua wewe na mwanao tu. Ile ilikuwa bei niliyonunulia mimi ile leso. Inakaa pale, kwa bwana mpya, haijalipiwa na mtu.

Nilipompelekea wakili zile picha, alicheka kwanza. Ni binti mdogo, wa kule Kibokoni, anavaa buibui na raba, na ana kichwa cha kuweka mambo ya zamani. Akaniambia, "Dada, umeniletea kondoo wa Pierce."

Nikamuuliza Pierce ni nani. Akanihadithia kesi ya Uingereza ya mwaka 1601. Pierce alikuwa mfugaji, anadaiwa na watu wawili: Twyne anamdai pauni 400, na mwingine anamdai 200. Yule wa 200 akamshtaki. Kesi ikiwa bado inaendelea, Pierce akamwandikia Twyne, kwa siri, mali yake yote, ambayo thamani yake ni kama pauni 300, eti ni malipo ya lile deni lake. Lakini mali haikuondoka. Pierce akabaki nayo, akauza nyingine, akawakata kondoo sufi, akawapiga chapa yake mwenyewe. Maafisa wa mahakama walipokuja kukamata, watu wakawazuia kwa kusema mali ni ya Twyne. Mahakama ikasema huu ni udanganyifu, na tangu hapo mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza zina orodha ya dalili za kutazama: ametoa mali yote bila kujibakishia, amefanya kwa siri, amefanya huku anashtakiwa, na ameendelea kuishika mali kama yake.

Kilichonishika zaidi ni kwamba Twyne alikuwa anadai kweli. Deni lake halikuwa la uongo. Sheria ya Malkia Elizabeth ya mwaka 1571 iliyotumika pale ilitaka mambo mawili kwa pamoja: kuwe na malipo ya haki, na nia iwe safi. Twyne alikuwa na la kwanza, akaanguka kwa la pili. Nalisema hili kwa sababu shemeji wetu naye, alipoandikiwa barua, alijibu kupitia wakili wake kwamba hakupewa duka bure. Alikuwa anamdai jamaa shilingi 1,200,000 alizomkopesha ajengee nyumba Mtwapa, na duka ni malipo ya deni hilo. Akaambatisha makubaliano ya ukurasa mmoja, yamepigwa chapa, tarehe yake ni siku chache kabla ya barua yetu ya kwanza. Mali ya rafu zile, kwa bei ya jumla tu, haipungui milioni tatu. Na pesa za Mtwapa zilitolewa mkononi, hakuna karatasi ya benki wala ujumbe wa M-Pesa.

Utauliza, mambo ya Uingereza ya 1571 yanatuhusu nini sisi wa Mombasa? Wakili alisema Sheria ya Mahakama ya Kenya mpaka leo inataja tarehe 12 Agosti 1897: sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku ile zinaweza kutumika hapa pale mazingira yanaporuhusu na pale ambapo hatuna yetu. Lakini akaongeza kwamba hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwa sababu tunayo yetu, na ndiyo silaha ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui.

Ni Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500. Kwa lugha ya dukani inasema hivi: ukichukua biashara ya mtu, nzima au sehemu yake, umechukua na madeni ya biashara ile, hata kama mmeandikiana kwamba hukuyachukua. Njia ya kukwepa ni kutoa notisi kwa utaratibu uliowekwa, katika Gazeti Rasmi la Serikali na gazeti la kawaida, ili wenye kudai wajue mapema na wasimame. Ukiwahi kufungua Gazeti Rasmi, lile linalotoka Ijumaa, utaziona notisi hizi: fulani anamhamishia fulani duka la dawa, fulani anamhamishia fulani hoteli, na mhamishiwa hachukui madeni. Nilikuwa nadhani ni mambo ya makampuni makubwa ya Nairobi. Kumbe ni ya kila mwenye duka.

Shemeji hakutoa notisi popote. Kwa hivyo, kwa hoja ya wakili wetu, iwe ule uuzaji ni wa kweli au ni wa kupakana mafuta, shemeji ana jambo la kutujibu. Kama ni wa uongo, mali ni ya jamaa na tunaikamata. Kama ni wa kweli, amenunua na madeni yetu. Achague. Nilipoelewa hapo, usiku ule nililala.

Ami yeye alitaka twende kwa kadhi. Ni mtu wa dini, na aliona aibu Waislamu kupelekana kwa hakimu kwa sababu ya leso. Nilimheshimu, tukaenda kuuliza. Mahakama ya kadhi, kwa Katiba yetu, kifungu cha 170, inasikiliza hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa pale. Deni la biashara halimo. Tulichopata ni nasaha, na nasaha zenyewe zilikuwa nzuri: ustadhi mmoja alitukumbusha hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) kwamba atakayeikuta mali yake yenyewe kwa mtu aliyefilisika ana haki nayo zaidi kuliko wengine. Ami akanigeukia, "Umesikia? Robota lako lile, na herufi zako juu yake!"

Nikampelekea wakili hadithi ile. Akasema kwa sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, mali huhama pale muuzaji na mnunuzi walipokusudia ihame. Mimi nimempa, amebeba, ameweka rafuni auze: mahakama itasema ni yake, mimi nina deni tu. Isipokuwa tungekuwa tumeandikiana kwamba mali inabaki yangu mpaka ilipwe. Basi invoisi zangu mpya zote zina mstari huo chini, na mteja anatia sahihi. Wengine wananuna. Mmoja alisema, "Siku hizi umekuwa benki." Nikamwambia benki wasingekupa korija kumi kwa salamu.

Kijana wa viatu hakungoja sheria ya mtu. Alfajiri moja alikwenda na mkokoteni na vijana wawili, duka lilipofunguliwa wakaingia, wakapakia maboksi yake ya viatu na mengine ambayo hayakuwa yake. Kabla ya Adhuhuri alikuwa kituo cha polisi anaandika maelezo, na shemeji, ambaye miezi yote hiyo hakuonekana, siku hiyo alijitokeza kwa kanzu iliyopigwa pasi akiwa mlalamikaji. Haki ya kijana ilikuwa ya kweli, lakini alimpa adui yake nafasi ya kulia mbele ya watu.

Sisi tulikwenda mahakamani kwa mlango. Deni langu ni chini ya milioni moja, na kiwango hicho kingeniruhusu kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisemea mwenyewe na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kama mdeni wako yupo, duka lake lipo, na ubishi ni pesa tu, nenda huko, usipoteze muda. Sisi tulikuwa wawili, washtakiwa wawili, na tulitaka mali izuiwe kwanza, ndiyo maana wakili akachagua mahakama ya hakimu ya kawaida. Tukawashtaki wote, jamaa na shemeji, katika kesi moja.

Hilo la kuzuia ndilo la haraka kuliko yote. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Agizo la 39, zinamruhusu mdai kuomba mali ikamatwe au itolewe dhamana hata kabla ya hukumu, ikiwa mshtakiwa yuko mbioni kuiuza au kuitoa nje ya mamlaka ya mahakama ili hukumu ikija isikute kitu. Hakimu hatoi amri hiyo kwa malalamiko tu. Anataka hati ya kiapo yenye mambo ya kuonekana. Hapo ndipo dera la mpwa wangu lilipolipa gharama yake: risiti yenye PIN ya zamani, picha ya leseni, picha ya robota, kurasa za daftari langu, na barua ya jamaa mwenyewe inayokubali deni. Ami alitoa daftari la kurasa zilizochakaa, hesabu kwa herufi za Kiarabu, tukalazimika kutafuta mtu wa kutafsiri na kuapa.

Wakili pia alipekua rejista ya dhamana za mali inayohamishika, ile iliyoletwa na sheria ya mwaka 2017 na inayopatikana kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Siku hizi mtu anaweza kuwa ameweka rehani rafu zake zote kwa mkopeshaji, nawe huna habari, na mkopeshaji aliyesajiliwa anakutangulia. Haikuonyesha kitu. Alhamdulillahi, kwa mara moja hakuna aliyekuwa mbele yetu.

Kuna waliotushauri tumtangaze jamaa mufilisi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inampa msimamizi wa mali ya mufilisi uwezo wa kuomba mahakama ivunje mauzo ya bei ya kutupa yaliyofanywa kabla ya kufilisika, kwa hiyo njia ipo. Lakini kitakachopatikana ni cha wadai wote, na gharama za msimamizi hulipwa kwanza, kisha mishahara ya wafanyakazi mpaka kiwango fulani, kisha kodi, ndipo sisi wa mali kauli tugawane makombo. Kwa duka kama lile sikuona faida. Kwa kampuni yenye majumba ningeona vingine.

Amri ya muda ilipotoka, mali isitoke dukani mpaka pande zote zisikilizwe, mambo yalibadilika kwa siku chache. Duka la nguo lisiloweza kuuza Ramadhani ikikaribia ni mzigo tu. Aliyetupigia simu wa kwanza hakuwa jamaa. Ni shemeji, kupitia wakili wake, akitaka "tukae kama watu wa mji mmoja". Tulikaa. Aliomba kwanza atulipe kwa mali, kila mtu abebe madera ya deni lake. Ami alivua miwani, akamtazama, akasema, "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na kitu. Hayo madera nivae mimi?"

Tukakubaliana pesa, kwa awamu, maandishi yakapelekwa mahakamani yawe amri, shemeji na jamaa wakiwajibika wote wawili. Mmoja akishindwa, mwingine anadaiwa zote. Gharama za wakili nusu ni juu yao. Awamu mbili zimeingia, zote kutoka namba ya shemeji.

Kijana wa viatu ametupigia juzi, anaomba naye aingizwe. Wakili anasema inawezekana kuomba, ila lile suala lake la polisi limalizwe kwanza, na achangie gharama tangu mwanzo kama sisi. Ami hataki hata kusikia. Anasema aliyekwenda na mkokoteni arudi na mkokoteni. Mimi bado nazungumza na Ami.